Ukibadilisha maneno, wimbo bado una mwenyewe

Vijana wanaoniletea miswada hapa Kalenga, Iringa, wana imani moja inayonisumbua. Wanaamini kwamba wimbo wa mtu, ukishatolewa maneno mawili matatu na kuwekwa mengine, umekuwa wako. Jina la mwanamke aliyeimbwa linatoka, linaingia la mhusika. Dar es Salaam inageuzwa Makambako. Treni inakuwa basi la Mafinga. Baada ya hapo wimbo unakaa ndani ya riwaya bila jina la mtunzi, na aliyeandika analala usingizi akijua hakuiba.

Mimi nasema ameiba, na kubadilisha kwake kumeongeza kosa. Nalisema waziwazi sasa kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini watu wameanza kuandika kwa bidii. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianzishwe chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wa kwanza kutangazwa Aprili 2023, hata kijana anayelima nyanya bondeni ana daftari lenye riwaya. Hilo ni jambo la kushukuru. Ila mswada ukipita mikononi mwa majaji ukawa kitabu, kitabu hicho kinakwenda mbele ya macho mengi, yakiwemo macho ya watoto wa mwanamuziki aliyechukuliwa maneno yake.

Mswada ulionifanya niandike makala haya uliletwa na binti wa kijiji cha jirani, amemaliza kidato cha sita. "Kamwene, mwalimu," akanisalimu, akaweka daftari mezani. Nilistaafu zamani lakini huku ukishakuwa mwalimu hawakuvui jina. Riwaya yake ni nzuri. Mume ameondoka kwenda kupasua mbao Sao Hill, fedha hatumi, barua haandiki, na mke amebaki na watoto. Sura ya nne inatokea kilabuni, msimu wa ulanzi, mvua imechafua njia yote, watu wamejazana ndani na madumu yao. Mke anakunywa, anasimama, anaimba. Na anachoimba ni wimbo wa dansi wa miaka ya sabini ambao kila mtu wa rika langu anaujua.

Nilichukua kalamu nikapigia mstari kila neno lisilo la binti. Kati ya mistari minane, sita ilikuwa ya mwanamuziki neno kwa neno, majina tu yamebadilika. Wa saba uligeuzwa mwishoni. Wa nane ndio ulikuwa wa binti mwenyewe, na ulikuwa mzuri kuliko saba iliyoutangulia.

"Lakini nimebadilisha, mwalimu," alisema. "Siyo ule wimbo tena."

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi hawajawahi kuisoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi peke yake haki ya kunakili kazi yake, kuisambaza, kuitafsiri na kuirekebisha, au kumruhusu mwingine afanye hayo. Kurekebisha kumetajwa kama haki inayosimama yenyewe. Kwa hiyo anayechukua mistari sita na kuigeuza majina hajaikwepa sheria. Amegusa haki ya kunakili kwa mistari aliyoiacha kama ilivyo, na haki ya kurekebisha kwa ile aliyoigeuza. Juu ya hizo kuna haki nyingine isiyohusu fedha kabisa: mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ana haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Mwandishi aliyebadilisha na kuficha jina amezigusa zote.

Kinyume chake, sheria hiyohiyo inaruhusu kunukuu. Ukichukua kipande kifupi kama kilivyo, kwa kiasi kinacholingana na haja yako, ukataja chanzo na jina la mtunzi, una pa kusimama. Yaani aliyeacha maneno ya mwenzake yalivyo na kumtaja yuko salama zaidi kuliko aliyeyageuza akanyamaza. Vijana wengi wanalifikiria jambo hili kinyumenyume.

Kuna pia suala la muda. Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965; nyimbo alizotunga yeye zimeshatoka kwenye ulinzi huo. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Januari 1979, kwa hiyo maneno yake yanalindwa hadi mwisho wa 2029. Marijani Rajabu alifariki 1995, hesabu yake inafika 2045. Ya Remmy Ongala, aliyetutoka Desemba 2010, inafika 2060. Na hapo uwe mwangalifu, maana wimbo wa bendi mara nyingi haukutungwa na yule ambaye jina lake liko mbele. Mpiga gitaa aliyekaa nyuma ndiye pengine aliyeandika, na huenda yu hai, anaishi Morogoro au Tanga, anasikia wimbo wake ukipigwa kwenye harusi za watu.

Sheria nimeitanguliza, lakini kinachoniuma zaidi ni kitu kingine. Mwanamuziki wa dansi alikuwa na gitaa, saksafoni, ngoma, sauti yake na wenzake wa kuitikia. Vyote hivyo haviwezi kuingia kwenye karatasi. Kinachoingia kitabuni ni maneno peke yake, na maneno ya wimbo ni machache. Riwaya inaweza kuwa na maneno elfu arobaini, wimbo ukawa na mia moja. Mwandishi anayechukua mistari sita haoni kama amechukua kitu, kwa sababu katika kitabu chake ni nusu ukurasa. Upande wa pili, amebeba sehemu kubwa ya kila alichoandika mwenzake. Kipimo anachotumia ni cha kitabu chake, wakati aliyechukuliwa anapima kwa wimbo.

Najua maumivu yake kwa sababu yamenipata. Niliwahi kutunga wimbo wa kwaya ya shule kumuaga mwalimu mwenzetu aliyefariki katikati ya muhula. Wanafunzi waliuimba makaburini. Miaka ilipita. Siku moja niko Mashine Tatu, Iringa mjini, nasubiri daladala, gari la matangazo likapita likiupiga. Sauti zilikuwa nyingine, kinanda kimeongezwa, na pale palipokuwa na jina la marehemu pamewekwa jina la dawa ya mifugo. Mengine yote yalikuwa yangu, hadi pale kwenye kiitikio ambapo sauti ya pili inachelewa. Sikuwaza fedha. Nilimwaza mjane wa marehemu, ambaye alikuwa akiuza vitenge sokoni na lazima alisikia gari lile kama nilivyosikia mimi. Aliyebadilisha neno lile pengine alidhani amefanya jambo dogo, maana alibadilisha neno moja tu.

Wako watakaonijibu kwamba kubadilisha ndio utamaduni wetu. Wana hoja nzito na sitaki kuipita juu juu. Kila asubuhi watoto wa shule hapa Kalenga wanasimama paredi na kuimba wimbo wa taifa ambao muziki wake ni wa Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeutunga mwaka 1897 na kufariki 1905. Sisi tuliuwekea maneno yetu ya Kiswahili. Taarabu ya Zanzibar imebeba tuni nyingi za filamu za Kihindi. Bendi zetu zilijifunza kwa santuri za Cuba. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua muziki wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, akauwekea mistari ya Kiswahili, na wengi wanamhesabu miongoni mwa waliofungua njia ya rap ya Kiswahili, njia ambayo baadaye vijana wa Mbeya kama Sugu walipita. Hata makanisani huku Iringa, Tosamaganga na kwingineko, nyimbo zilizoletwa na wamisionari zilipata maneno ya Kihehe, na bibi zetu waliziimba kama zilizaliwa hapa.

Hayo yote ni kweli, na nayapenda. Lakini tazama yalivyofanyika. Aliyemsikia Saleh Jabir alijua muziki ule umetoka wapi. Utamu wenyewe ulikuwa katika kujua. Jina la Sontonga linafundishwa. Wimbo ukiimbwa mbele ya watu, tuni yake inabeba chimbuko lake, na msikilizaji anatambua palipogeuzwa. Kwenye kitabu tuni haipo. Msomaji wa mwaka 2040, ambaye hakuwahi kusikia bendi ile, atasoma mistari minane na kuamini ni kazi ya binti huyu. Mtunzi wa kweli atakuwa amefutwa, na hakuna atakayejua kwamba kuna mtu amefutwa.

Mfano ulio wazi kabisa wa jambo hili ni Solomon Linda. Alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukafika Marekani, ukabadilishwa jina, na mwaka 1961 ukawekewa maneno ya Kiingereza na kuwa "The Lion Sleeps Tonight". Maneno mapya, majina mapya ya watunzi. Linda alifariki 1962 akiwa fukara. Familia yake ilihangaika miongo mingi, ikafika hatua ya kuishitaki kampuni ya Disney iliyoutumia katika "The Lion King", na mwaka 2006 ndipo wakafikia makubaliano. Waliomvua Linda wimbo wake hawakuuchukua ulivyo. Waliubadilisha, na mabadiliko ndiyo yaliyowapa ujasiri wa kuandika majina yao.

Na hapa kwetu wasanii wameshaanza kwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila idhini. Shauri liliendelea kwenye rufaa, lakini tangu siku hiyo msanii wa Tanzania amejua kwamba anaweza kuuliza. Mwandishi asidhani swali hilo litaishia kwenye kampuni za simu.

Kijana mmoja aliyesoma sheria alinitajia kesi ya Marekani ya mwaka 1994, ya kundi la 2 Live Crew waliogeuza wimbo wa Roy Orbison, ambapo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kejeli inaweza kuwa matumizi halali. Ni kweli ilisema hivyo. Lakini kundi lile lilikuwa likiucheka wimbo wenyewe, likiusema. Binti wangu hausemi wimbo wa dansi wala kuucheka. Anaazima machozi yake yamfanyie kazi mhusika. Hayo ni mambo mawili. Na hakimu wa Iringa hatahukumu kwa sheria ya Washington.

Nisieleweke vibaya kwamba kila kitu kina kufuli. Historia haina mwenyewe. Vita ya Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891, siku kamanda wa Kijerumani Zelewski alipouawa na jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, anaweza kuiandika yeyote. Kuanguka kwa ngome hii ya Kalenga Oktoba 1894, vilevile. Profesa Mugyabuso Mulokozi si Mhehe, na ametuandikia tamthilia ya "Mukwava wa Uhehe" ambayo sisi wa hapa tunaiona kama ya nyumbani. Hakuhitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu maneno ni yake. Wazo la mke aliyeachwa halina hati. Huzuni ya kilabuni haina hati. Mpangilio wa maneno ndio wenye mwenyewe.

Na nyimbo za jadi je? Zile wanazoimba kina mama wa huku wakati wa mavuno, za kubembeleza watoto, za kumsifu Mkwawa? Sheria ya 1999 ina sehemu yake ya sanaa za jadi, inayozilinda dhidi ya wanaozigeuza bidhaa nje ya mazingira yake, lakini inamwachia mtunzi nafasi ya kuazima ili kutunga kazi yake mpya. Kwa hiyo mwandishi ana uhuru mkubwa hapo kuliko kwenye dansi. Mimi ningemwomba jambo moja hata pale sheria isipombana: aandike mwishoni mwa kitabu kwamba wimbo huu unaimbwa na Wahehe wa mahali fulani, na kwamba amegeuza sehemu fulani. Mstari mmoja unatosha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa atakayekuja kutafiti baada ya miaka thelathini atajua aanzie wapi.

Kuna njia nyingine nyepesi ambayo waandishi wanaisahau. Taja jina tu. Andika kwamba redio ya kilabu ilikuwa ikipiga "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe na kwamba mke aliinamisha kichwa. Hujachukua mstari hata mmoja. Msomaji anayeujua ataujaza mwenyewe kichwani, na asiyeujua ataenda kuutafuta. Marijani Rajabu akitajwa kwa jina katika riwaya nzuri amepewa heshima, na wala hajapunguziwa kitu.

Lakini njia ninayoipenda kuliko zote ni ile binti aliyoifuata mwenyewe. Nilimrudishia daftari nikamwonyesha ule mstari wa nane. Nikamwambia, huu ndio wako, anzia hapa. Hakufurahi. Alisema yeye si mtunzi wa nyimbo. Nikamwambia mke wa mpasua mbao naye si mtunzi wa nyimbo, na ndiyo maana wimbo wake unapaswa kusikika kama umetungwa kilabuni usiku ule, na mwanamke mwenye hasira, aliyekunywa. Alikaa nao karibu mwezi. Aliporudi alikuwa na beti tano. Kwa idhini yake nanukuu mistari miwili:

Mbao umezipasua, wamejengea wenzako,
Na mimi hapa gunia, ndilo mlango wa kwako.

Soma tena ule wa pili. Hasemi mlango wa kwangu. Anasema wa kwako. Mwanamke ameachwa, nyumba imefungwa kwa gunia, na bado anaiita ya mumewe. Hapo kuna upendo na kuna shitaka. Hakuna mwanamuziki wa Dar es Salaam ambaye angempa mstari huo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona nyumba ile. Wimbo wa kuazima ulikuwa ukimfanya mhusika afanane na kila mwanamke aliyeachwa katika dansi. Wimbo wake umemfanya awe mtu mmoja, wa Iringa, mke wa mpasua mbao.

Ndiyo maana nasema hakimiliki si adui wa mwandishi wa hadithi. Imemlazimisha binti afanye kazi ambayo riwaya ilikuwa ikimdai tangu mwanzo.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mwandishi anahitaji wimbo wenyewe, ulivyo, na hakuna kingine kitakachofaa. Hapo dawa ni kuomba ruhusa, na hapo ndipo mfumo wetu unapomwangusha mtu wa kijijini. Amwombe nani? Mtunzi amefariki, bendi imevunjika, kanda imo kwenye maktaba ya redio ya taifa, warithi wako mikoa minne. Mchapishaji hamsaidii. Mkataba wa kawaida una kifungu kinachomtaka mwandishi athibitishe kwamba kazi yote ni yake au ameipatia idhini, na likitokea shauri, gharama ni zake. Kijana anatia saini bila kujua ametia saini nini.

Kwa hiyo nina maombi. Wachapishaji, mkiupokea mswada wenye wimbo ndani, mwulizeni mwandishi kabla ya mkataba: huu umetoka wapi? Mpeni fomu ya ukurasa mmoja ya kuombea idhini, na ombi hilo lipelekwe kwa jina la kampuni, kwa sababu barua ya mchapishaji hujibiwa pale ya kijana isipojibiwa. Warithi wa wanamuziki, mtu akiwaandikia kuomba beti mbili za baba yenu kwa ajili ya riwaya, msimtajie bei ya tangazo la biashara. Kitabu cha Kiswahili kinauza kidogo, na kitamweka baba yenu kwenye rafu ambako redio haimfikishi. Na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, mnazo kazi mnazosajili. Wekeni orodha ambayo mtu anaweza kuifungua kwa simu, yenye jina la wimbo, jina la mtunzi, mwaka aliofariki kama amefariki, na anwani ya anayesimamia haki zake.

Binti ameshaipanga upya sura ya nne. Lakini mwanzoni mwa kitabu anataka beti mbili nzima za Marijani Rajabu, zilivyo, bila kugeuza neno, na jina la Marijani chini yake. Barua ya kuomba ameshaiandika na mimi nimeisahihisha. Tunasubiri kuambiwa tuipeleke kwa nani.